Damu Yangu Ilinichongea

Mimi ni mtu wa nyumbani. Naliweka hilo mbele ili mtu asije akasoma ushuhuda huu akimtafuta shujaa. Wakati wenzangu wa Muhumba, mtaa wetu hapa Bukavu, walikuwa wanapanda mashua kwenda Minova kutafuta biashara, au wanakwenda mpaka Walungu kufuata maharage, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu mbele ya mlango, natengeneza redio za watu. Mke wangu, Maman Neema, ndiye aliyekwenda Minova. Mimi nilipika. Sombe yangu, yaani kisamvu, ilisifiwa na watu walewale ambao wakishanawa mikono walinicheka.

"Papa Neema, weye uko mwanaume wa namna gani? Muke anapanda mashua, weye unachunga chungu?"

"Chungu kinaweza kukimbia," nilijibu.

Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi kupanda kilima. Na Bukavu, mtu asiyeweza kupanda kilima hana pa kwenda isipokuwa ziwani. Nilikuwa napanda hatua kumi, nasimama, najifanya natazama ziwa. Watu walisema, Papa Neema anapenda ziwa sana. Ziwa gani? Nilikuwa natafuta pumzi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nimezaliwa mvivu, nikazoea, mwishowe nikajivunia. Nilikuwa na diploma ya sekondari, option ya bio-chimie, yaani biolojia na kemia, imetundikwa ukutani ndani ya fremu. Uvivu wangu ulikuwa na diploma.

Nilipokuwa mtoto koo liliniuma mara nyingi. Baadaye magoti yakavimba. Goti hili likipona, lile linaanza. Mama alinifunga majani ya moto, nikapona, tukasahau. Kumbe moyo haukusahau.

Vita ya pili ya Kongo ilinikuta na miaka thelathini na miwili. Watu wengine vita iliwatoa nyumbani. Mimi iliniongezea sababu ya kubaki. Ndipo kifua kikaanza. Kwanza nilikohoa nikilala. Nikaongeza mto, nikaongeza wa pili, mwishowe nikawa nalala nimekaa kama mlinzi wa bohari. Miguu ikavimba: ukibonyeza kidole shimo linabaki, ungeweza kupanda harage ndani yake. Moyo ukawa unapiga ovyo, tatu za haraka, moja ya uvivu, kisha kimya, kama mlevi anayeshuka ngazi. Asubuhi moja nikakohoa ndani ya bakuli la uji. Kilichotoka kilikuwa povu jekundu-jekundu. Maman Neema alilitazama lile bakuli, akaliweka chini taratibu, na siku hiyo hakwenda Minova.

Hapo wakafika mabingwa wa avenyu yetu.

Jirani wa kushoto alisema ni karuho, ile sumu ambayo kila mtu wa Bukavu ameshapewa na jirani yake wa kulia. Jirani wa kulia naye alisema ni karuho, akitazama kushoto. Nikapelekwa kwa mama mmoja wa kutapisha. Alininywesha maji ya majani, nikatapika tangu asubuhi mpaka misa ya jioni. Kisha akachokoa matapishi kwa kijiti, akainua kitu chembamba cheupe.

"Njo hii," alisema. "Njo yenye ilikuwa inakuua."

Ilikuwa ganda la harage. Nilikuwa nimekula maharage. Watu waliokuwa pale walipiga makofi.

Baada ya huyo akaja Papa Sindano. Kabla ya vita alikuwa anafagia sakafu ya hospitali, na sakafu ilikuwa safi, simnyimi haki yake. Wauguzi walipokimbia vita ya kwanza, yeye alibaki na mkoba mweusi na akawa dokta. Malaria, sindano. Tifoidi, sindano. Kukosa usingizi, sindano. Zote kwenye tako. Nasi tulimpenda, kwa sababu kwetu dawa ya kumeza ni ya watoto; dawa ya kweli lazima iume. Mimi mwenye bio-chimie nilishusha suruali kama wengine. Alinichoma kinini kulia, kesho yake kushoto, kama mtu anayelima mashamba mawili.

Mteja wake mkubwa alikuwa Tantine Vumilia, dada ya marehemu baba yangu, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama naye kufa. Mjane, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mdogo wa mwili, ukali wake unatosha watu watatu. Papa Sindano alimfundisha kuchoma. Kusema kweli alichoma vizuri kuliko mwalimu wake.

Aliyejua ugonjwa wangu alikuwa daktari mmoja mzee ambaye masista wa parokia walinipeleka kwake. Aliweka chombo chake kifuani kwangu, akafumba macho muda mrefu hata nikadhani amelala.

"Papa, mulango moja ya moyo yako imefungana," alisema. "Ni ile koo na magoti ya utoto yenye umeniambia. Damu inapita pale kama watu mia ku dirisha moja. Inabaki nyuma, inarudia mu mapafu."

"Dawa yake?"

"Kupasua. Hapa hatuna namna."

Masista walikuwa wamesikia kwamba kikundi cha wapasuaji wa moyo kingefika hospitali moja ya Nairobi kwa majuma mawili tu. Jina langu likaandikwa. Mtu ambaye soko la mtaani lilimshinda, sasa anakwenda Nairobi. Maman Neema alibaki na mtoto na biashara. Garde-malade, yaani yule wa kukaa na mgonjwa, kumwosha na kumlisha, akawa Tantine Vumilia. Hakuna aliyemchagua. Alikuja na mkoba wake amevaa viatu.

Safari siisimulii, maana sikuiona. Nilikuwa natazama magoti yangu na kuhesabu pumzi. Nakumbuka barieri moja tu, kizuizi cha askari barabarani. Kijana mwenye bunduki aliniuliza naenda wapi.

"Kupasuliwa moyo, chef."

"Moyo? Unatuona bajinga?"

Akaweka sikio kifuani kwangu, bunduki ikiwa begani. Akasikiliza. Akaruka nyuma kama aliyeguswa na umeme.

"Pita! Pita na mashine yako!"

Walipekua mkoba wangu, wakapekua viatu vyangu. Tantine hawakumgusa. Kwenye pindo la kikwembe chake alikuwa amefunga fundo kubwa kama ngumi, nami sikuuliza kuna nini ndani. Ningeuliza, ushuhuda huu ungekuwa mfupi.

Nairobi nilikutana na Daktari Kerubo, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Yeye ndiye aliyekuwa na wagonjwa wa kikundi kile kila siku. Alinieleza kazi yote kwa kalamu na karatasi.

"Tutafungua mfupa wa kifua. Tutausimamisha moyo kama saa moja. Mashine itafanya kazi yake. Tutaachanisha ule mlango ulioshikana. Kisha tutauwasha tena."

"Dokta, mimi natengeneza redio. Kuna redio nilizozima ambazo hazikuwaka tena."

"Wewe ni fundi wa aina gani?" aliniuliza.

Kisha akaniambia jambo ambalo nataka mlishike, maana yote yaliyofuata yanatoka hapo. Alisema moyo ni msuli. Msuli ukiumia unavuja. Vitu vilivyokuwa ndani yake vinaingia kwenye damu, na damu ikipimwa inavitaja. Kila moyo unaopasuliwa unavuja kidogo, hilo halikwepeki. Namba inapanda siku ya kwanza, kisha inashuka. Wao wanaangalia imepanda kiasi gani, na kama inashuka kweli. Ikigeuka na kupanda tena, kuna kitu kinaharibika mle ndani.

"Kipimo tunachofanya hapa hapa kinaitwa CPK," alisema. "Kina kasoro moja. Misuli yote ya mwili ina CPK. Kuna kingine, troponini, hicho ni cha moyo peke yake. Lakini mashine yake iko upande wa pili wa mji, na majibu yanachelewa."

Nilimwelewa vizuri, kwa sababu nimekaa mbele ya mlango miaka yote. CPK ni yule mmbea anayepiga kelele kwamba kuna mtu anapigwa kwenye avenyu, lakini hajui ni nyumba gani. Troponini ni yule anayejua nyumba, chumba, na kilichosababisha. Nilimwambia hivyo. Daktari Kerubo alicheka, akasema angewafundisha wanafunzi wake namna hiyo. Nikavimba kichwa. Bio-chimie hatimaye ilikuwa imenifaa. Siku sita baadaye ningetamani kichwa hicho kipungue mpaka kiingie chini ya mto.

Walinipasua. Nilipoamka nilikuwa na mpira kooni, mipira miwili ikitoka mbavuni na kumwaga damu ndani ya chupa, mpira mwingine mahali ambapo mwanaume hapendi kuwekewa mpira. Kiu ilinitesa kuliko kidonda. Kukohoa kulikuwa kama kupasuliwa mara ya pili. Walinipa mto wa kukumbatia, nikaukumbatia kama mchumba. Lakini nilivuta pumzi, jamani. Nilivuta pumzi ikaenda mpaka chini, mahali ambapo haikuwahi kufika. Nililia. Muuguzi alifikiri ni maumivu.

Namba ilipanda siku ya kwanza, kama walivyosema. Siku ya pili ikashuka. Siku ya tatu ikashuka tena, wakanitoa chumba cha mashine, wakanipeleka wodi ya kawaida. Na wodi ya kawaida ndiko alikokuwa Tantine Vumilia.

Kwa kawaida hospitali ile haikuruhusu ndugu kukaa na mgonjwa. Saa za kuja kutazama, kisha nje. Kwake walifunga macho kwa sababu ametoka vitani na hana mtu Nairobi. Alikaa kwenye benchi kando ya kitanda na rozari yake, akiwatazama wauguzi kama watu wanaoiba.

Siku ya nne asubuhi, muuguzi alipokwenda kuchukua dawa, Tantine akaniinamia.

"Siku ine," alinong'ona. "Siku ine habajakuchoma ata sindano moja ku tako. Banakutilia maji-maji ku mukono. Maji! Hospitali gani hii?"

"Tantine, dawa iko ndani ya yale maji."

"Dawa yenye haiume? Geuka."

"Tantine, hapana. Wamenipa dawa za kuzuia damu isigande, wamesema..."

"Nani alikuogesha mu utoto, miye ao bale? Geuka."

Akafungua lile fundo la kikwembe. Kinini, vitamini, bomba la sindano la kioo ndani ya kikopo cha pomadi. Vitu vyote vya Papa Sindano vilikuwa vimevuka mipaka miwili juu ya nyonga ya mjane.

Mtasema, si ungekataa? Nilikuwa mwanaume wa miaka thelathini na miwili, diploma, option ya bio-chimie, nimeelezwa kila kitu kwa kalamu na karatasi. Niligeuka. Alinichoma kulia kinini, kushoto vitamini, akasugua kwa kidole gumba, akaniwekea rozari mkononi.

"Apa hautamuambia mutu."

Nikaapa.

Mpaka jioni tako la kulia lilikuwa linapiga kama moyo wa pili. Siku ya tano lilikuwa gumu na la moto, nikawa nalalia ubavu mmoja. Rangi ya midomo ikapotea. Jasho baridi. Moyo ukaanza tena mambo yake ya mlevi. Walipopima, damu ilikuwa imepungua mwilini, na ile CPK ambayo ilikuwa inashuka kistaarabu, imegeuka, imepanda zaidi ya siku ya kwanza.

Daktari Kerubo alikuja na mpasuaji mgeni. Walinipiga picha ya moyo. Kulikuwa na maji kidogo kandokando, ya kutosha kumtia mtu wasiwasi lakini hayatoshi kumpa jibu. Walituma damu ng'ambo ya mji kupima troponini. Asubuhi ya siku ya sita majibu hayakuwa yamerudi, nami nilikuwa mweupe zaidi.

"Hatuwezi kuendelea kusubiri," Daktari Kerubo aliniambia. "Damu inapotelea mahali, na msuli unaumia. Tunafikiri ni ndani ya kifua. Tutafungua tena tuangalie."

"Kufungua tena?"

"Ndiyo. Sitakuficha, mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, nawe umedhoofika. Kuna mahali pengine panapouma, mbali na kifua?"

Hapa ndipo ninapojidharau mpaka leo. Nilijua. Nilikuwa nimeeleza umbea wa damu kwa mdomo wangu mwenyewe, na sasa damu yangu ilikuwa inapiga kelele avenyu nzima, nami najua nyumba. Nikamtazama Tantine. Alikuwa ameshika rozari, midomo inakwenda. Nikisema, watamfukuza, na mjane huyu atalala wapi Nairobi? Hiyo ndiyo sababu nzuri, na mara nyingi naisimulia hiyo. Sababu nyingine ni kwamba kando ya kitanda alisimama muuguzi msichana, mzuri, na nilikuwa naona haya kugeuka.

"Hapana," nilisema. "Ni kifua tu."

Tazameni upumbavu wa mwanadamu. Alikuwa tayari kupasuliwa moyo mara ya pili ili asionyeshe tako.

Wakaniweka kwenye kitanda cha magurudumu. Aliyekisukuma alikuwa mzee mmoja mwenye mvi, aliyezoea kazi, anapiga mluzi wa nyimbo za kanisa. Kwenye mlango wa wodi kulikuwa na kizingiti. Magurudumu yakaruka, mimi nikatua. Nilipiga yowe ambalo lilisimamisha hata mluzi.

Mzee alinitazama, akatazama mkono wangu ulipokwenda.

"Bwana mdogo," alisema, "nimesukuma watu wa kifua miaka mingi. Mtu wa kifua akigongwa na kizingiti anashika kifua. Wewe umeshika matako."

Niliuondoa ule mkono, nikauweka kifuani.

"Mimi si daktari. Nasema tu nilichoona. Twende?"

Mbele yetu kulikuwa na milango miwili mikubwa ya kijani. Nilifikiria Maman Neema na lile bakuli la uji. Nilifikiria ile pumzi iliyofika mpaka chini, pumzi yangu ya siku tatu tu.

"Simama," nilisema. "Niitie dokta. Na yule msichana asije."

Alikuja, na yule msichana akaja naye. Waliniinulia shuka, wakanigeuza. Baadaye niliambiwa kwamba upande wa kulia ulikuwa umevimba kama donge la bugali la watu wanne, mweusi na zambarau mpaka pajani, na katikati kuna tundu dogo.

"Nini hiki?" Daktari Kerubo aliuliza.

"Mbu, dokta."

"Mbu wa wapi?"

"Wa Bukavu. Tulikuja naye."

Aligeuka akamtazama Tantine Vumilia, ambaye alikuwa ametufuata mpaka pale na viatu vyake mkononi. Daktari alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika yote katika ushuhuda. Alisema mtu aliyepewa dawa ya kuzuia damu isigande hachomwi kwenye msuli, atavujia ndani kama gunia lililotobolewa. Alisema kinini peke yake inaua msuli mahali inapochomwa, na msuli ule uliokufa ndio uliomwaga CPK yote ile. Alisema nusura afungue kifua cha mtu kwa sababu ya tako lake. Alisema yeye amesoma miaka kumi na minne, na bibi mmoja mwenye kikopo cha pomadi amekaribia kumwulia mgonjwa bila yeye kujua.

Tantine alimwacha amalize. Kisha akaweka viatu chini, akavivaa kwanza, kama mtu anayetaka kusema amesimama vizuri.

"Dokta, bwana yangu alikufia mu hospitali," alisema. "Vita ya kwanza. Masasi ya bunduki ilianza asubui, banganga bakakimbia, bainfirmye ba kuchoma sindano bakakimbia. Dawa ilikuwa mu kabati, ninaiona mu kioo. Sikujua kuchoma. Nilikaa siku mbili ninaitazama dawa, na yeye ananitazama. Njo maana nilijifunza. Njo maana ninatembeaka nayo."

Daktari Kerubo alinifunika tena lile shuka. Hasira ilikuwa bado usoni, lakini haikuwa na mahali pa kukaa.

"Mama," alisema mwishowe, "sisi hapa hatujakimbia."

"Bado," alijibu Tantine.

Ilibaki kuamua. Kama damu ilikuwa takoni tu, kungoja kungeniokoa kifua. Kama ilikuwa kifuani pia, kungoja kungeniua. Daktari Kerubo alinipima tako kwa vidole, akapiga hesabu ya damu inayoweza kukaa mle, akazungumza na mpasuaji mgeni pembeni. Kisha akarudi.

"Tunangoja troponini. Nitakaa hapa. Ukibadilika kidogo tu, tunaingia."

Akakaa kwenye benchi, karibu na Tantine. Alinyoosha mkono bila kumtazama, na Tantine, baada ya kufikiri, akafungua fundo, akaweka kile kikopo kiganjani mwake. Waliniwekea damu ya mtu mwingine. Niliitazama inashuka tone kwa tone na kuiomba isiwe na umbea. Walikaa hivyo wanawake wawili, hawasemeshani, wananitazama mimi tu, tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Sijawahi kutazamwa hivyo na mke wangu.

Karatasi ilikuja. Daktari Kerubo aliisoma amesimama.

"Iko chini," alisema. "Moyo wake mzima. Ni tako."

"Asante Nyamuzinda," alisema Tantine, akimwita Mungu kwa lugha ya kwetu.

"Usimshukuru upesi, mama. Sasa tunalipasua hilo tako."

Walilipasua. Kilichotoka kilikuwa cheusi na kizito kama kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, iliyosahauliwa, bakuli zima, na harufu yake nitawahurumia. Yule muuguzi mzuri ndiye aliyeshika bakuli. Majuma mawili nililala kifudifudi, kidonda cha mbele kikilalamika kwa sababu ya kidonda cha nyuma. Tantine hawakumfukuza. Daktari Kerubo alimpa kazi: kila dawa inayoingia mwilini mwangu, muuguzi amwonyeshe kwanza na kumwambia inafanya nini. Aliifanya kazi hiyo kwa ukatili mkubwa. Wauguzi walimwogopa kuliko mkaguzi.

Siku ya kuagwa, Daktari Kerubo alinipa maagizo. Dawa ya damu miezi mitatu, kisha iachwe. Baada ya hapo, ili ule ugonjwa wa koo na magoti usirudi kuufunga mlango tena, penisilini kila mwezi kwa miaka mingi. Akasita, akamtazama Tantine kwa jicho la pembeni.

"Ni ya sindano," alisema. "Kwenye tako."

Tantine alitembea mpaka kituo cha basi akitabasamu. Sikuwahi kumwona anatabasamu hivyo hata Pasaka.

Basi, ndugu zangu mnaolala mmekaa, mnaohesabu hatua za kilima, nimewaandikia ninyi. Mimi leo napanda mpaka kanisani bila kusimama, na sasa sina kisingizio tena cha kutokwenda Minova, nimetafuta kingine. Mshukuruni Mungu kwa madaktari, nami nawashukuru wale wageni, Daktari Kerubo, masista, na yule mzee wa kitanda cha magurudumu, ambaye aliona alichokiona na hakunyamaza. Mtoto wako akiumwa koo kisha magoti, usimfunge majani, mpeleke hospitali. Anayekutafutia karuho matapishini, mwachie matapishi yake. Dokta aliyekuwa mfagiaji, mpe ufagio. Na daktari wa kweli akikuuliza panauma wapi pengine, mwambie, hata kama muuguzi ni mzuri. Damu itasema, na itasema vibaya kuliko wewe. Watu wa avenyu huja kuomba kuona kovu la kifua, nami nalionyesha bure. Lile lingine, ambalo ndilo lingewafundisha, Maman Neema amenikataza.

Neno la mwisho. Mwaka uliofuata Tantine Vumilia alilazwa hapa Bukavu kwa malaria kali. Safari hiyo garde-malade nilikuwa mimi. Mchana wa pili masasi yakaanza kusikika upande wa vilima. Watu waliinuka vitandani. Muuguzi wa wodi alikwenda dirishani, akatazama, akarudi kwenye kazi yake. Tantine akafungua jicho moja.

"Bameshakimbia?"

"Bado, tantine."

"Na weye?"

"Miye niko mutu wa nyumbani. Nitakimbilia wapi?"

Alitazama chupa ya seramu iliyoning'inia juu yake, akafuata mpira kwa macho mpaka mkononi, akanitazama mimi.

"Maji tu," alisema. Akasonya. Kisha akafumba lile jicho, akalala.